Ndimi za moto kwenye Ford ya 1932: anza na moto, malizia na weusi

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Tanga, ninaunganisha modeli ya Ford ya 1932, skeli ya 1/25. Bodi niliipiga nyeusi kwa spirei ikatoka safi. Kisha nikabandika tepu ya karatasi niliyonunua duka la vifaa vya ujenzi, nikapuliza njano na nyekundu nipate ndimi za moto kama za magari ya zamani ya Kimarekani. Njano imetoka kijanikijani, rangi imepenya chini ya tepu, na ndimi zenyewe ni fupi, nene na zote zinalingana. Nilipomalizia na vanishi, weusi wote ukaingia ukungu. Je, nivue rangi yote? Ni lazima ninunue eabrashi? Na ringi nizipige rangi gani?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na la eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa ndilo la pesa: hapana, si lazima. Katika makosa yote uliyoyataja, hakuna hata moja ambalo eabrashi ingekuondolea. Ingekupa njano ya kijanikijani iliyopulizwa kwa ustadi zaidi, basi. Shida yako imeanzia mahali pawili, kwenye mchoro na kwenye mpangilio wa rangi, yaani ipi itangulie na ipi ifuate. Ukiyaweka sawa hayo, makopo uliyonayo yanatosha.

Bodi usiivue rangi leo. Imeshaharibika, kwa hiyo haina tena cha kuogopa, na sasa ndiyo ubao wako wa mazoezi. Chora juu yake, bandika, bandua, chora tena. Siku mchoro utakapokuridhisha ndipo uivue. Kwa mazoezi ya kupuliza nunua vijiko vya plastiki vya sherehe: vina mgongo wa mviringo unaokaribia umbo la boneti, na ukiharibu kimoja hujapoteza kitu.

Kabla ya tepu, tazama vizuri kile unachokiiga. Mtindo huu ulikomaa Kalifornia, hasa miaka ya 1940 na 1950, vijana walipokuwa wakinunua Ford kuukuu kwa bei ndogo, wakizivua madigadi na kuzichokonoa injini. Ford ya 1932 waliipenda kwa sababu ndiyo iliyoleta injini ya V8, yaani ya silinda nane, kwenye gari la bei ya mtu wa kawaida. Mafundi rangi wa kusini mwa Kalifornia waliugeuza moto kuwa fani: Kenneth Howard, aliyejiita Von Dutch, kwa mistari yake myembamba na ndimi zake, na Larry Watson aliyezivuta ndimi zikawa nyembamba na ndefu kupita kiasi. Picha ninayokushauri uitafute kwanza ni ya Ford ya 1934 ya Pete Chapouris, gari jeusi lililotumika katika filamu ya televisheni mwaka 1974. Ina ndimi za kawaida kabisa, hazina mbwembwe, ndiyo maana zinafundisha. Ikuze kwenye simu uikague. Mbele kabisa, kuzunguka shoo, hakuna ndimi bado. Pamejaa rangi tupu ya moto. Weusi unaingia taratibu kadiri macho yanavyorudi nyuma, na ndimi zinaishia kwa ncha kali zilizolegea.

Sasa mchoro. Wanaoanza karibu wote huchora ulimi mmoja, kisha wa pili pembeni yake, kisha wa tatu. Matokeo ni hayo uliyoyapata, ndimi nene zinazolingana, zimepangwa foleni. Wewe chora nafasi zilizo kati ya ndimi. Nafasi ndiyo inayoonekana nyeusi, na ndiyo inayoupa moto mwendo. Kila nafasi inaanza mbele kwa kichwa cha mviringo, kama korosho ya kwenye kanga iliyolazwa kichwa kikiwa kimeelekea shoo. Nyuma ya kichwa hicho nafasi inabanwa, kwa kuwa hapo ndipo ulimi wa juu na wa chini unaponenepa. Kisha inapanuka tena polepole kadiri ndimi zinavyochongoka. Ukichora nafasi nne za namna hiyo ubavuni, ndimi tano zitakuwa zimejichora zenyewe, tena zikiwa na tumbo, shingo na mkia bila wewe kuzifikiria.

Vichwa vya nafasi hizo visipangwe kwenye mstari mmoja wa wima. Kimoja kitangulie mbele, kinachofuata kirudi nyuma, kingine katikati. Mikia nayo isilingane urefu. Kwa kawaida mkia mrefu kuliko yote hukaa katikati ya ubavu na kufika mlangoni, na ile ya juu na ya chini huishia kabla yake. Mkia mmojawapo unaweza kupita juu ya mwenzake, na hilo hupendeza sana, ila kwa modeli ya kwanza liache. Mistari yote iwe na mpindo wa S uliolala. Mstari ulionyooka hata kwa milimita tano huonekana mara moja kama kosa. Na kila mkia uelekee nyuma, kule upepo unakoupeleka moto gari likiwa mbioni. Ulimi unaosimama wima kuelekea dirishani unamwambia mtazamaji kwamba gari limepaki na linaungua.

Hapa ndipo skeli inapoingia. Gurudumu la mbele hadi la nyuma, Ford halisi ya 1932 ni inchi 106, karibu mita 2.7. Kwenye modeli yako hiyo ni kama sentimita 10.8. Kutoka kwenye shoo hadi katikati ya mlango una sentimita sita au saba za kuchezea, basi, na ndani yake lazima vikae vichwa, shingo na mikia. Ulimi ambao kwenye gari halisi una upana wa sentimita 10, kwako ni milimita 4. Ncha ya mkia ni unywele. Mtu akichora ndimi nne za unene wa kidole chake kidogo, gari halisi lingekuwa limechorwa kwa fagio. Kwa hiyo chora kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa wa mara tatu au nne, mkono ukiwa huru, kisha punguza kwa mashine ya fotokopi au kwa simu na printa. Mkono wa binadamu huchora mpindo mzuri zaidi kwa bega na kiwiko kuliko kwa ncha za vidole.

Upande wa pili upate kwa kugeuza. Nakili mchoro wako kwenye karatasi angavu, ya kuchorea au hata ya kuokea keki, igeuze, una ubavu wa kulia. Lakini usijitese kutafuta ulinganifu kamili wa mbavu. Hakuna jicho linaloona mbavu mbili kwa pamoja. Mahali panapokushtaki ni boneti na pua, kwa sababu pale kulia na kushoto vinatazamwa mara moja. Weka mstari wa penseli katikati ya boneti na upime kila kichwa cha nafasi kutoka kwenye mstari huo. Ukimaliza, piga picha kwa simu kutoka mbele, uigeuze picha kushoto kulia. Kasoro ambayo macho yako yameizoea itajitokeza hapohapo.

Na boneti ifunge kabla ya kuchora. Ishikilie kwa ndani kwa vipande vya tepu ili boneti, ubavu na ukuta wa mbele wa kibini vikae kama vitakavyokaa gari likikamilika. Moto unapita juu ya maungio kana kwamba hayapo. Ukipaka vipande mbalimbali halafu uviunganishe, mstari utakatika katikati, na ni kosa lisilotengenezeka.

Nije kwenye rangi, maana hapa ndipo ushauri wangu unapotofautiana na ulivyofanya. Ulianza na nyeusi, ukataka njano ikae juu yake. Njano ni rangi dhaifu kwa kufunika: mwanga unaipenya, unafika kwenye weusi ulio chini, na macho yanasoma kijani cha zeituni. Ili uuzime weusi huo ingebidi upulize nyeupe kwanza, kisha njano, chungwa na nyekundu, zote ndani ya tundu la tepu. Utakapobandua utakuta ukingo umenyanyuka, unaushika kwa ukucha. Safu ya rangi yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, kwenye gari halisi ni milimita mbili na nusu. Hakuna gari lililopakwa rangi nene hivyo.

Geuza mpangilio. Piga praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, bodi nzima, au angalau nusu yote ya mbele. Puliza njano kuanzia pua hadi nyuma kidogo ya mahali mkia mrefu utakapoishia. Ikikauka, chukua rangi ya chungwa na uipulize kuanzia katikati ya boneti kurudi nyuma, kisha nyekundu kwenye eneo la mikia tu. Yote haya unayafanya bila tepu hata moja, kwenye bodi iliyo wazi, na ndiyo sababu kopo la spirei linatosha. Baada ya hapo unafunika ndimi, na nyeusi inapulizwa mwisho. Nyeusi ndiyo rangi yenye nguvu ya kufunika kuliko zote, hivyo safu mbili nyembamba zinamaliza kazi na ukingo haunyanyuki. Na zile nafasi ulizozichora kwa makini ndizo hasa unazozipuliza.

Mchanganyiko laini wa njano kwenda nyekundu huwaogopesha watu, lakini kwa kopo unawezekana. Umbali wa kawaida wa kupuliza ni sentimita 20 hadi 25. Kwa mchanganyiko rudi hadi 30 na ubonyeze kwa mkupuo mfupi, kopo likiwa tayari linatembea kabla rangi haijafika kwenye bodi. Shika kipande cha kadi ngumu kati ya kopo na bodi, kisiguse bodi, kiwe juu yake kwa sentimita moja au mbili. Kadi iliyoinuliwa hivyo inaacha mpaka wenye ukungu badala ya mstari. Lenga rangi nusu iangukie kwenye kadi. Vitabu vya Ulaya vitakuambia ulowanishe kopo kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kupuliza. Wewe uko Tanga, kopo lako limeshapata joto lake.

Hakikisha tu makopo yote ni ya ukoo mmoja. Laka hukauka kwa tina kuruka hewani, na tina yake ni kali. Rangi ya mafuta hukauka polepole kwa kuvuta oksijeni. Ukipuliza laka juu ya rangi ya mafuta, ya chini inakunjamana. Kinyume chake, rangi ya mafuta juu ya laka iliyokauka, haina shida, na tutaitumia faida hiyo baadaye. Spirei za magari zinazouzwa madukani nyingi zina tina inayoweza kuila plastiki ya modeli moja kwa moja. Jaribu kwenye kijiko kwanza, tumia praima, na safu ya kwanza iwe vumbi tu lisilofunika.

Acha rangi za moto zikae siku moja kamili au zaidi kabla ya kubandika chochote. Kipimo changu ni pua: nusa bodi kwa karibu. Ukisikia harufu ya tina bado, haijakauka, hata kama kidole hakiachi alama.

Kuhusu tepu, ile ya ujenzi irudishe kwa wapaka nyumba. Karatasi yake ina mikunjo midogo ili iweze kuvutika, na kila mkunjo ni mfereji unaopeleka rangi chini. Pia ni nene, haipindi kona ndogo bila kunyanyuka. Ukiweza kuagiza, Tamiya, kampuni ya modeli ya Kijapani, wanatengeneza tepu nyembamba ya karatasi laini na nyingine ya plastiki kwa ajili ya mipindo, ya milimita 2, 3 na 5. Usipoweza, una vitu viwili karibu nawe. Cha kwanza ni tepu ya umeme. Ni ya plastiki inayovutika, haina mikunjo. Ibandike kwenye kioo, ikate kwa wembe mpya na rula ya chuma upate nyuzi za milimita moja, na utupe ukingo wa kiwandani kwa sababu umebeba vumbi tangu dukani. Uzi huo unapinda vizuri ukiongozwa kwa kidole. Ila usiuvute, ukivutwa utarudi kwenye urefu wake usiku na kuuacha mstari wazi.

Cha pili, ambacho mimi nakipenda zaidi kwa ndimi, ni mabaki ya karatasi ya stika. Mafundi wanaokata maandishi ya bajaji na daladala hutupa vipande kila siku. Ni nyembamba, imenyooka, na ni pana kiasi cha kutosha ubavu mzima kwa kipande kimoja. Fundi akiwa na mashine ya kukata kwa kompyuta na mchoro wako uko safi, anaweza hata kukukatia pande zote mbili, moja ikiwa imegeuzwa. Gundi yake ni kali mno kwa rangi changa, kwa hiyo ibandike na kuibandua kwenye kitambaa safi cha pamba mara kadhaa mpaka ibaki inashika kwa unyonge.

Ukikata mwenyewe, vile vichwa vya mviringo ndivyo vitakavyokutoa jasho. Kisu hakizunguki duara la milimita mbili bila kuacha kona. Nenda kwa fundi viatu umwombe panchi yake ya kutobolea mikanda. Weka stika ikiwa bado na karatasi yake ya nyuma juu ya ubao laini, toboa tundu safi mahali pa kila kichwa, kisha kwa kisu chenye ncha unganisha matundu hayo na mistari ya shingo na mikia. Kata kuanzia ukingo wa tundu kwenda nje, kamwe usielekee tundu. Vipande vya nafasi vikiondoka, unabaki na ndimi zilizoungana puani kama mchoro wako ulivyo.

Bandika kuanzia pua kurudi nyuma, mkia mwisho, kwa kibano. Mahali penye matuta au matundu ya hewa ya ubavu wa boneti, kandamiza kwa kijiti cha meno kilichopunguzwa ncha. Pitisha ukucha kwenye ukingo wote. Sehemu za ndani za moto zilizobaki wazi, na vioo na ndani ya gari, ziba kwa tepu yoyote.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo dawa ya rangi kupenya. Kabla ya nyeusi, puliza vanishi safu moja nyembamba juu ya ukingo wa stika, ya ukoo uleule wa rangi zako. Kama kuna mwanya, utakaoingia ni ute usio na rangi, utakauka na kuuziba mlango. Nyeusi ikija haina pa kupita. Ingekuwa umefanya hivyo kwa mpangilio wako wa kwanza, ungepuliza tena nyeusi kuziba mianya, mantiki ni ileile: kinachovuja kwanza kiwe kile kisichoonekana.

Nyeusi ipulize ukielekeza kopo kutoka juu ya stika kwenda nje, usiilenge chini ya ukingo. Safu ya kwanza vumbi, subiri dakika kumi, ya pili ifunike, ya tatu kama inahitajika. Usingoje kesho kubandua. Rangi ikishaacha kunata juu lakini bado laini ndani, baada ya nusu saa hivi kulingana na kopo, kunja stika ijirudie yenyewe na uivute polepole ikiwa imelala karibu na bodi. Rangi iliyokomaa kabisa hukatika vipandevipande ukingoni, na utadhani ni tepu ndiyo mbaya. Gundi ikibaki, igongegonge kwa kipande cha stika hiyohiyo; usikimbilie tina.

Ule ukungu kwenye weusi sasa. Vanishi haikuwa mbovu. Tina ya laka inaporuka inaipoza rangi, na hewa ya pwani ikiwa imejaa maji, maji hayo yanatua juu ya rangi ikiwa bado mbichi na kunaswa ndani. Kwenye njano huuoni, kwenye nyeusi unajianika. Tanga wakati wa masika karibu kila siku ni siku mbaya kwa laka, na asubuhi mapema ni mbaya zaidi. Puliza adhuhuri au alasiri ya siku kavu, mahali hewa inapopita, na safu zako ziwe nyembamba. Bodi iliyokwisha ingia ukungu mara nyingi huponyeka: siku kavu, puliza juu yake safu nyepesi ya vanishi ileile, tina yake itaifungua rangi na maji yatoke. Jaribu hilo kwenye bodi yako iliyoharibika leo kabla hujaivua, ujue linafanyaje kazi.

Ukishatoa stika na kusubiri siku moja, funika vyote kwa vanishi. Safu mbili za mwanzo ziwe karibu kavu, maana nyekundu iliyolowana sana hukimbia na kuichafua njano jirani. Baada ya hapo unaweza kulowanisha kidogo. Ikikaa siku kadhaa, lainisha kwa msasa namba 2000 wenye maji na tone la sabuni, ukikwepa kila tuta na kingo za milango kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba na utatokea kwenye praima kabla hujajua. Kisha ng'arisha. Dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiyo jeli, hufanya kazi hiyo vizuri kwa kitambaa laini.

Hukuuliza kuhusu mstari mwembamba unaozungushwa ukingoni mwa ndimi, ule wa bluu hafifu au mweupe, lakini utauona kwenye picha na utautamani. Fikiria kwanza: kwenye gari halisi una upana wa milimita tatu hivi, kwako ni 0.12. Kalamu nyembamba ya wachora ramani ni ya 0.1 hivi, na wino wake hauonekani juu ya nyeusi. Mstari wa nusu milimita, ambao ndio watu wengi wanaufikia kwa brashi, ni sawa na mstari wa zaidi ya sentimita moja kwenye gari halisi, na unaifanya modeli ionekane kitu cha kuchezea. Kama ukingo wako umetoka safi, mimi ningeacha. Ukiwa huwezi kuvumilia, tumia rangi ya mafuta juu ya vanishi ya laka iliyokauka vizuri. Brashi iwe ya nywele chache ndefu, si fupi. Nywele ndefu hubeba rangi nyingi na kuunyoosha mtikisiko wa mkono. Egemeza kidole kidogo kwenye meza, uvute mkono mzima. Ukikosea, futa kwa tapentaini kwenye pamba, laka iliyo chini haitadhurika, na urudie. Hii ndiyo faida niliyokuambia ya rangi ya mafuta juu ya laka.

Jambo moja silitanii. Usishawishike kuomba vanishi ya gereji, ile ya kuchanganya na kigumu. Inang'aa kuliko zote, ni kweli, lakini kigumu chake kina isosianeti zinazoweza kuharibu mapafu kwa kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizizuii. Hata spirei za kawaida pulizia nje au dirishani, mbali na jiko na watoto.

Ikiwa siku moja utanunua eabrashi, nunua kwa sababu unataka ndimi zinazopishana zenye kivuli, jambo ambalo kopo haliwezi. Sindano ya milimita 0.3 inatosha, shinikizo la bar moja hivi, na kwa hewa ya Tanga kompresa lazima iwe na kichujio cha maji, la sivyo utatema matone katikati ya kazi.

Ringi zipige nyekundu, kutoka kopo lilelile la mikia, katikati uweke kofia ndogo ya kromu, na matairi yawe na utepe mweupe mpana ubavuni kama seti yako inayo. Zipake zikiwa nje ya matairi. Chungwa na njano zisiguse ringi hata kidogo.